Sura ya Tano: Wenye Funguo

Toka Warsaw kwa treni, ushike njia yoyote isipokuwa ile ya kusini kabisa iendayo milima ya Carpathia, na kwa muda mrefu utakachokiona dirishani ni tambarare. Mashamba ya ngano, viazi na kabichi, mengi yakiwa vipande vyembamba na virefu. Misitu ya misonobari. Vijiji vilivyojipanga kando ya barabara moja, msalaba wa mbao au kijumba cha Bikira Maria kikiwa penye kila njia panda. Hakuna mlima wa kumsimamisha anayekuja na jeshi, awe ametoka mashariki au magharibi, na historia ya nchi hii imekwenda kama ardhi yake ilivyo.

Kati ya mwaka 1772 na 1795, Urusi, Prussia na Austria ziliigawana Poland kwa awamu tatu mpaka ikafutika kwenye ramani. Ilikaa hivyo miaka 123. Ikarudi mwaka 1918, ikavamiwa mwaka 1939 na Ujerumani upande mmoja na Muungano wa Kisovieti upande wa pili. Vita vilipokwisha mwaka 1945, washindi wakaisogeza nchi nzima kuelekea magharibi: ikanyang'anywa maeneo makubwa ya mashariki, ikapewa Silesia, Pomerania na sehemu ya Prussia Mashariki zilizokuwa za Ujerumani. Mamilioni ya watu wakahamishwa pamoja na mipaka hiyo. Majengo yakabaki yalipo.

Kwa sababu hiyo, msafiri wa mashambani Poland anapaswa kuwa na maswali mawili kila afikapo penye jengo la kale. Nani alilijenga? Na nani anashika ufunguo wake leo? Ni nadra majibu hayo kufanana. Nimechagua sehemu chache ambazo maswali hayo yana majibu mazito, kutoka maziwa ya kaskazini-magharibi hadi mpaka wa Belarus.

Kwanza neno kuhusu safari yenyewe. Treni za mjini hadi mjini ni nzuri, ila vijijini basi hupita kwa nadra na siku ya Jumapili huenda lisionekane kabisa. Sheria inafunga maduka mengi Jumapili, na makumbusho mengi hupumzika Jumatatu. Gari la kukodi ndilo linaloifungua nchi hii. Nenda kati ya Mei na Septemba, kwa sababu makanisa madogo ya mbao hayapashwi moto na baridi ya Januari haina utani. Kituo cha barabarani kikitoa supu yenye uchachu ya unga wa rai uliochachushwa, ndani yake mna yai na soseji, usiipite. Asiyekula nguruwe aulize kwanza.

Magogo ya Biskupin

Mwaka 1933, kiwango cha maji ya ziwa moja dogo karibu na Biskupin kilishuka, na mwalimu wa shule ya kijiji, Walenty Szwajcer, akaona vichwa vya magogo vimechomoza kwenye tope. Alitoa taarifa, na mwaka uliofuata Profesa Józef Kostrzewski wa Chuo Kikuu cha Poznań akaanza kuchimba. Chini ya tope kulikuwa na kijiji kizima chenye boma: nyumba zipatazo 100 za ukubwa unaolingana, mitaa iliyotandikwa magogo, na ukuta wa mbao na udongo kuzunguka vyote. Pete za miti zimewaambia wanasayansi kwamba miti mingi ilikatwa majira ya baridi ya mwaka 738 kuingia 737 K.K.

Ugomvi ulianza papo hapo. Poland ilikuwa imerudi kwenye ramani miaka michache tu, na majirani zake Wajerumani walidai ardhi hiyo ilikuwa yao tangu zamani. Biskupin ikageuzwa ushahidi. Magazeti ya Warsaw yaliwaona wakazi wake kuwa mababu wa Waslavi. Wanazi walipoiteka sehemu hiyo mwaka 1939, wakaipa jina la Kijerumani na kuleta wachimbaji wa SS kutafuta mababu wa Kijerumani, huku Kostrzewski akijificha kwa majina ya bandia. Walipokaribia kushindwa, wakaifukia kwa mchanga ili kuiharibu. Mchanga ule ukawa hifadhi, kwa kuwa mbao zilizonyimwa hewa haziozi.

Leo wataalamu wanawaita wajenzi hao watu wa utamaduni wa Lusatia na wanakiri kwamba hakuna anayeweza kusema walizungumza lugha gani. Watoto wa shule wanaopita kwenye nyumba zilizojengwa upya, wakipanda juu ya boma na kufinyanga vyungu, wanacheza katika kijiji ambacho mataifa mawili yalikigombea na hakuna hata moja lililokuwa na hati yake.

Ngome iliyouzwa

Ukielekea kaskazini hadi mto Nogat utaikuta Malbork, na hutahitaji kuelekezwa. Ni mlima wa matofali mekundu uliotandaa juu ya hekta zipatazo 21, ngome ambayo kwa eneo ni kubwa kuliko zote duniani. Waliojenga ni Wateutoni, watawa wapiganaji wa Kijerumani ambao mtawala mmoja wa Poland, Konrad wa Mazovia, aliwaalika mwaka 1226 wamsaidie dhidi ya Waprussia, watu wa asili wa pwani hii. Wakawamaliza Waprussia, wakachukua nchi na hata jina lao, kisha wakamgeuka mwenyeji. Mwaka 1309 Mkuu wao akahamia Malbork.

Mwaka 1410 majeshi ya Poland na Lithuania yaliwavunja Wateutoni kwenye vita vya Grunwald, lakini ngome yenyewe haikuanguka. Ilichukuliwa kwa fedha. Wateutoni walishindwa kuwalipa mamluki wao wa Bohemia, na mwaka 1457 mamluki hao wakaiuza ngome kwa mfalme Kazimierz wa Poland. Mwaka 1772 ikaangukia Prussia, na zaidi ya nusu yake ikabomolewa na mizinga mwaka 1945. Waliookota matofali na kuyarudisha ukutani moja baada ya jingine ni Wapoland, vitukuu wa maadui wa Wateutoni. Tenga nusu siku nzima, na usiondoke bila kuitazama sanamu ndefu ya Bikira Maria kwenye ukuta wa nje wa kanisa la ngome. Iliyokuwapo ilivunjika vitani, na mwaka 2016 ikarudishwa mpya.

Kanisa lisiloruhusiwa mnara

Kusini-magharibi, Silesia, vilima vinaanza na vijiji vinabadilika sura: nyumba za mawe, paa kali, miti ya matunda kandokando ya barabara. Vita vya Miaka Thelathini vilipomalizwa kwa Mkataba wa Westphalia mwaka 1648, Silesia ilibaki chini ya Kaisari Ferdinand III, Mkatoliki wa ukoo wa Habsburg. Waprotestanti wengi walikuwa wamenyang'anywa makanisa yao. Kwa shinikizo la Sweden, Kaisari akakubali wajenge makanisa matatu tu, huko Głogów, Jawor na Świdnica. Alikubali kwa shingo upande, na masharti yake yanaonyesha hivyo. Kanisa likae nje ya kuta za mji. Lisitumie jiwe wala tofali, bali mbao, udongo, mchanga na majani makavu. Lisiwe na mnara wala kengele. Na lijengwe likamilike ndani ya mwaka mmoja.

Ni wazi kwamba jengo la namna hiyo halikutarajiwa kuona wajukuu wa waliolijenga. La Głogów liliungua mwaka 1758. Mengine mawili yangali yamesimama, na tangu mwaka 2001 yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Świdnica kwa nje linafanana na ghala kubwa la mazao: fremu za mbao nyeusi, udongo mweupe katikati yake, paa pana. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ukiingia shingo inakwenda juu yenyewe. Roshani zimepandana ghorofa juu ya ghorofa, zikizunguka kuta zote, na kila ukingo una michoro, mistari ya Biblia na nembo za vyama vya mafundi waliochangia nafasi zao. Dari ina picha za Ufunuo wa Yohana. Kuna vinanda viwili vya mabomba, na kwenye mimbari saa za mchanga za kumkumbusha mhubiri kwamba maneno yana kikomo. Juu ya mlango mkubwa kuna chumba chenye madirisha ya vioo cha ukoo wa Hochberg, uliotoa sehemu kubwa ya miti ya mialoni iliyojenga kanisa. Mhandisi aliyelichora, Albrecht von Saebisch, alizoea kujenga ngome za kijeshi, na alifanya hesabu zake vizuri: kanisa linachukua watu 7,500, na 3,000 kati yao wanapata pa kukaa.

Watu hao hawapo tena. Baada ya mwaka 1945 Wajerumani wa Silesia waliondolewa, na nyumba zao wakapewa Wapoland, walio wengi Wakatoliki. Usharika wa Kilutheri uliobaki Świdnica ni mdogo sana kwa jengo lake. Baadhi ya wakazi wapya walikuwa wametoka mashariki, kwenye vijiji ambavyo leo vimo Ukraine na Belarus, nao walifika na ng'ombe na magodoro wakakuta vyungu vya watu wengine bado viko jikoni.

Hapo ndipo historia hii inagusa Arusha. Mwaka 1940 Wasovieti waliwachukua maelfu kwa maelfu ya Wapoland wa vijiji hivyo hivyo vya mashariki na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Walioruhusiwa kuondoka baada ya Ujerumani kuwashambulia Wasovieti walipitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 Waingereza wakawapeleka wengi, hasa wanawake na watoto, katika makambi ya Afrika: Tengeru, karibu na Arusha, huku Tanganyika, Masindi na Koja kule Uganda. Tengeru peke yake ilichukua watu wapatao 5,000. Vita vilipokwisha hawakuwa na kwao pa kurudi, kwa sababu kwao hakukuwa Poland tena. Waliofia Tengeru wamo katika makaburi yanayotunzwa na Watanzania. Świdnica na Tengeru ni pande mbili za uhamisho mmoja, na mtu wa Arusha anayesimama chini ya roshani zile ana haki ya kusema jambo hili linamhusu.

Namba ya simu mlangoni

Beskid Niski, kusini-mashariki, ni milima ya chini yenye malisho na ukungu wa asubuhi. Kwenye kijiji cha Kwiatoń kuna kanisa la mbao tupu, kuta na paa zikiwa zimefunikwa vigae vidogo vya mbao vilivyogeuka rangi ya majivu. Limejengwa kwa sehemu tatu zinazofuatana: chumba cha wanawake chini ya mnara, ukumbi wa katikati, na patakatifu nyuma ya ukuta wa picha takatifu. Kwenye milango ya makanisa ya upande huu utakuta mara nyingi karatasi yenye namba ya simu. Unapiga, unasubiri, na mtu wa jirani anakuja na ufunguo akiwa bado amevaa viatu vya shambani.

Anayekuja kwa kawaida ni Mkatoliki wa Roma. Waliojenga walikuwa Walemko, watu wa milimani wenye lugha yao ya jamii ya Kiukraine, Wakatoliki wanaofuata ibada ya Mashariki au Waothodoksi. Kuanzia tarehe 28 Aprili 1947 serikali ya kikomunisti iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 140,000, Waukraine na Walemko, na kuwatawanya katika ardhi zilizotwaliwa kutoka kwa Wajerumani. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwanyima chakula na maficho wapiganaji wa Kiukraine. Waliohamishwa walikuwa familia nzima, wazee na wachanga pamoja. Ukitembea mabonde haya utakuta miti ya matofaa na misalaba ya mawe katikati ya majani marefu, pasipo nyumba hata moja. Hapo palikuwa kijiji. Baadhi ya Walemko walirudi baada ya mwaka 1956, na mahali pengine wanasali leo kwa zamu na waliowakuta.

Sinagogi bila waumini

Tykocin, kaskazini-mashariki, ni mji mdogo ulio kando ya mto Narew, wenye uwanja mpana na nyumba za mbao. Upande mmoja kuna kanisa kubwa la Kikatoliki, upande wa pili sinagogi la mwaka 1642, na kati yake umbali mdogo wa kutembea. Kabla ya vita, karibu nusu ya wakazi walikuwa Wayahudi. Ndani ya sinagogi, jukwaa la kusomea Torati limesimama katikati ya nguzo nne nene, na kuta zimejaa sala zilizoandikwa kwa herufi kubwa za Kiebrania, ili asiye na kitabu asome ukutani.

Agosti 1941 Wajerumani waliwakusanya Wayahudi wa Tykocin uwanjani, wakawapeleka msitu wa Łopuchowo na kuwapiga risasi kwenye mashimo yaliyokwisha kuchimbwa. Sinagogi likawa stoo, na miaka ya 1970 likakarabatiwa kuwa makumbusho. Ufunguo wake unashikwa na wafanyakazi wa serikali, ambao kazi yao ni kuwaeleza wageni sala ambazo mjini hakuna anayezisali.

Kusini-magharibi mwa hapo ni Treblinka, ambako hakuna hata mlango. Kati ya Julai 1942 na Oktoba 1943 Wajerumani waliua hapo Wayahudi wanaokadiriwa kuwa kati ya 800,000 na 900,000. Kisha wakabomoa kila kitu, wakalima, wakapanda lupini na kujenga nyumba ya mkulima juu yake, ili mpita njia aone shamba tu. Mashamba haya mazuri ya Poland yaliwahi kutumika kuficha. Tangu mwaka 1964 pamesimamishwa mawe 17,000 yasiyochongwa, baadhi yakiwa na majina ya miji. Jiwe lenye jina la mtu ni moja tu, la Janusz Korczak, daktari na mwandishi aliyepelekwa huko pamoja na watoto wa kituo chake cha yatima.

Karibu na Tykocin, huko Pentowo, korongo weupe wamejenga viota juu ya paa na miti ya shamba moja. Wenyeji huwawekea magurudumu ya zamani juu ya nguzo, wakiamini korongo ni heri kwa nyumba. Mwishoni mwa Agosti ndege hao huondoka, hupita Bosphorus, Sinai na bonde la Nile, na wengi hutua kwenye mbuga za Kenya na Tanzania au huendelea hadi Afrika Kusini.

Msikiti wa askari ambao hawakulipwa

Safari inaishia Kruszyniany, kilomita chache kutoka mpaka wa Belarus. Beba pasipoti, maana askari wa mpakani huzunguka hapa na wanauliza. Mwaka 1679 mfalme Jan III Sobieski alikuwa na deni: askari wake Watatari, Waislamu waliokuwa wakiutumikia ufalme wa Poland na Lithuania, walikuwa wanadai mishahara na hazina ilikuwa tupu. Akawalipa ardhi, vijiji vya Kruszyniany na Bohoniki vikiwamo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: Watatari walilishika jembe, na mfalme alipopigana na Waturuki karibu na Vienna mwaka 1683, wakampigania.

Msikiti ni wa mbao, umepakwa rangi ya kijani, una minara miwili ya mraba mbele. Ungedhani ni kanisa la kijiji kama si hilali juu yake. Unavua viatu, unakanyaga zulia juu ya zulia. Mimbari na mihrabu viko upande wa kibla, na ukutani zimetundikwa aya za Qurani na picha za Makka ndani ya fremu. Chumba cha wanawake kimetengwa kwa ukuta wenye uwazi mrefu unaofunikwa na pazia. Nyuma ya kijiji, kwenye kilima chenye misonobari, kuna makaburi ambako maandishi ya Kiarabu yanafuatiwa na majina yanayoishia kwa -ski na -wicz, kwani lugha yao ya asili walishaipoteza zamani. Dini hawakuiacha. Umoja wao wa kidini uliundwa mwaka 1925, na sheria ya mwaka 1936 ikautambua rasmi.

Familia zilizobaki kijijini ni chache, na siku za Idi msikiti hujazwa na wanaotoka Białystok na miji ya mbali. Hapa anayekufungulia ni mtoto wa ukoo uliojenga, na atakupa pia habari ya pierekaczewnik, unga uliotandazwa mwembamba sana, ukapangwa tabaka kwa tabaka na nyama, ukakunjwa na kuokwa. Lakini kuwa mwenyeji wa zaidi ya miaka 300 hakukuzuia wahuni kuchora nguruwe kwenye ukuta wa msikiti mwaka 2014.

Poland ya leo kwa sehemu kubwa ni ya Wapoland Wakatoliki, na wapo wanasiasa wanaosema ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Sensa ya mwaka 1931 inawakatalia: karibu theluthi moja ya raia walitaja lugha nyingine kuwa lugha ya mama. Umoja huu wa dini na kabila ni zao la mauaji, uhamisho na mipaka iliyosogezwa ndani ya miaka isiyofika 10. Katika Warsaw iliyojengwa upya unaweza kupita bila kuliona hilo. Mashambani huwezi, kwa kuwa kanisa la Walemko, sinagogi la Tykocin na roshani za Świdnica bado vinadai wenyewe. Ukipata nafasi ya kuzungumza na anayekufungulia mlango, usiishie kumuuliza jengo lilijengwa lini. Muulize ukoo wake ulifika lini kijijini, na ulitokea wapi. Wengi watakujibu, na majibu yao ndiyo historia ya Poland ambayo haijaandikwa kwenye kibao cha mlangoni.